Deni Lililofichwa Nyumbani

SOMO LA VIKUNDI
Soma kwanza: 2 Wafalme 4:1-7. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.

Somo la safari hii si jepesi, na tunaomba kiongozi alisome peke yake mara mbili kabla ya kulileta mbele ya watu. Linahusu deni ambalo mmoja wa wenye nyumba analijua na mwenzake halijui, na jinsi ya kulisema. Kutoka Taveta mpaka Maungu, kutoka Wundanyi mpaka Kasigau, jambo hili halizungumzwi mkutanoni. Huletwa baada ya maombi ya kufunga, watu wakiwa wanatafuta viatu na miavuli, na mtu anakuvuta pembeni: "Mwalimu, nina neno."

Tuanze na yule mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mwenye kumcha Mungu, na alipokufa aliacha deni. Maandiko hayatuambii kama mkewe alilijua deni lile kabla ya msiba. Tunamkuta siku ambayo mdai amekwisha kuja kuwachukua wavulana wake wawili wawe watumwa. Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka: mcha Mungu anaweza kuwa na deni, na kuwa na deni si kuwa mwizi. Elisha hakumwuliza mama ni nani aliyekopa wala pesa zilikwenda wapi. Aliuliza amfanyie nini, na ndani ya nyumba mna nini. Na mama naye hakuficha kitu. Alitaja kifo, akamtaja mdai, akataja kile kitakachopotea. Baada ya hapo ndipo msaada ukaanza. (Tena tukumbuke kwamba nabii alimtuma akaazime vyombo kwa majirani. Kwa hiyo somo hili halisemi kukopa ni dhambi.)

Deni linakojificha siku hizi

Zamani deni la nyumba lilikuwa katika daftari la mwenye duka. Mtoto akitumwa sukari, alirudi na habari: "Amesema mlipe kwanza ile ya zamani." Hakukuwa na siri kubwa. Kisha M-Pesa ikaja Machi 2007, na Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mtu akaweza kukopa kwa simu bila mdhamini na bila kuonana na mtu yeyote. Mikopo ya programu za simu ikafuata. Januari 2019 ikaja Fuliza, na tarehe 30 Novemba 2022 serikali ikaanzisha Hustler Fund. Hatusemi mikopo hii ni mibaya. Imelipa dawa usiku wa manane na nauli ya kwenda Moi Hospitali pale Voi. Lakini leo bwana na bibi wanaweza kulala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa amegeukia simu yake, na kila mmoja akikopa.

Akina mama, deni lao la siri mara nyingi ni la chama. Akina baba, mara nyingi ni la mshahara linalokatwa kabla pesa hazijafika nyumbani, au la boda boda inayolipiwa kila siku, au la shamba. Na wako vijana, na wazee wengine pia tusidanganyane, wenye deni la kubahatisha mpira kwenye simu. Hilo la mwisho lina ugonjwa wake. Usipoacha kucheza kwanza, kulisema deni ni kulipa nafasi ya kukua.

Wengi hawakuanza kwa ubaya. Misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na kaunti yetu ni moja ya zile kavu. Mtu alipanda pojo na mahindi hakuvuna. Mwingine alikaribia kuvuna, ndovu wakatoka Tsavo wakamalizia usiku mmoja. Karo haikungoja mvua. Akakopa kidogo akitumaini atalipa kabla mwenzake hajajua. Basi tumaini hilo ndilo linalofunga mdomo: "Nikilipa mwezi huu, ya nini kumsumbua?"

Tuangalie hesabu. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini tarakimu zake si ngeni. Mama mmoja wa milimani anauza mboga. Mumewe ni askari wa usiku Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Januari mama anachukua shilingi 10,000 katika chama kinachotoza 10 kwa kila 100 kwa mwezi, analipa karo. Anashindwa kurudisha mtaji, kwa hiyo kila mwezi analipa riba ya 1,000 peke yake. Miezi 6 inapita. Amelipa 6,000, na zile 10,000 bado ziko pale pale. Katika hizo 6,000, ni 2,000 tu zilizotoka kwa mboga. Zile 4,000 alikopa kwa simu kwa ada ya 7.5 kwa kila 100, yaani 300. Na kwa sababu pesa za matumizi zimekwenda kwa riba, dukani amechukua vitu vya 3,400. Jumlisheni wenyewe: 10,000, na 4,000, na 300, na 3,400. Ni 17,700. Deni la 10,000 limezaa, na mzee yuko kazini Mombasa akijua kwamba nyumbani hakuna tatizo.

Si karo iliyoifikisha hesabu 17,700. Karo ilikuwa 10,000. Hizo nyingine ni gharama ya kunyamaza, kwa maana mwezi wa pili wangeweza kukaa chini wawili wakapunguza mtaji kwa mshahara wa mzee.

Deni lina mdomo

Anayeficha deni anafikiri kwamba anachagua kati ya mwenzake kujua na kutojua. Sivyo ilivyo. Anachochagua ni mwenzake aambiwe na nani.

Fuliza, kwa mfano, hujilipa yenyewe kutoka kwa pesa yoyote inayoingia katika M-Pesa yako. Mzee anatuma 3,000 za kumpeleka mtoto hospitali, anapiga simu kuuliza kama mmefika, na mama anatazama ujumbe: pesa zimeingia, pesa zimekatwa. Sasa atasema nini, na mtoto ana homa?

Wakopeshaji wa programu za simu nao walikuwa na desturi ya kuwapigia simu watu wote walio katika simu ya mdaiwa: mkwe, mwalimu, hata kasisi. Kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwakataza kuwapigia watu hao bila idhini, kutisha, kutukana, na kuanika jina la mtu hadharani. Wakifanya hivyo wana makosa na unaweza kuwashtaki kwa Benki Kuu. Lakini hata kanuni nzuri hairudishi neno lililokwisha sikika kwa mkwe.

Chama kina njia yake pia, ile ya wanachama kuja wote pamoja hadi mlangoni. Benki nayo huandika barua. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, shamba lililowekwa rehani haliuzwi ghafula: kuna ilani ya kulipa yenye muda usiopungua miezi 3, halafu ilani ya siku 40 kabla ya kuuza, na mume au mke aliyetoa kibali cha rehani lazima naye apewe nakala. Na mwisho kuna kifo, kama kwa yule mjane. Matanga hayajaisha, mtu wa kwanza anakuja na karatasi.

Kabla ya kusema

Chukua karatasi, si simu. Andika kila deni: unadaiwa na nani, kiasi gani mpaka leo, na siku ya kulipa ni lini. Weka hata yale ya aibu, kama zile 500 za jirani. Ikiwa mikopo ya simu imekuwa mingi hata umeisahau, kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo, nayo itakuonyesha mengi. Kisha jumlisha. Watu wengi hawajawahi kujumlisha, wanaogopa. Tunawaambia wazi kwamba usiku wa kujumlisha unaweza kuwa mgumu kuliko usiku wa kusema.

Kwa nini yote? Kwa sababu anayesema nusu atasema tena. Ukimwambia mwenzako ni 10,000, akalia, akakasirika, akasamehe, halafu wiki mbili baadaye akasikia kumbe ni 17,700, hatakusikiliza tena hata kwa shilingi 50. Lile deni la kwanza alilisamehe kama shida. La pili atalihesabu kama uongo. Katika nyumba nyingi kinachovunja si kiasi, ni huku kuambiwa mara tatu.

Chagua siku. Yule mzee wa Mombasa asiambiwe kwa simu akiwa lindo peke yake, isipokuwa mdai anakuja kesho. Asiambiwe dakika anayoshuka gari na mkoba mkononi. Aoge, ale, alale. Kesho yake, watoto wakiwa wametumwa au wamekwenda shule, kaeni mahali ambapo mama mkwe hasikii. Pasiwe na pombe. Usilete kasisi wala mzee wa kanisa kwa kumshtukiza, maana ataona amefanyiwa baraza nyumbani kwake.

Maneno yawe machache. Mwite kama ulivyozoea kumwita, kwa jina la mtoto wenu wa kwanza. Unaweza kusema hivi: "Baba watoto, kuna jambo nimekuficha tangu Januari na nataka ulisikie kwangu. Nina deni. Jumla ni shilingi 17,700. Nimeandika yote hapa. Ya karibu ni ya chama, tarehe 15." Mpe karatasi, kisha nyamaza. Ni huku kunyamaza kunakotushinda wengi. Tunaanza kujitetea: wewe nawe hutumi pesa za kutosha, wewe nawe mwaka jana ulinunua redio. Huenda ni kweli kabisa, lakini lina siku yake. Mkiyachanganya, mtazungumza redio mpaka jioni na karatasi itabaki mezani.

Jambo moja zaidi ambalo tumeliona likisaidia: usiombe msamaha na pesa siku hiyo hiyo. Ukiomba vyote viwili, mwenzako hatajua kama unajuta au unatafuta mlipaji. Siku ya kwanza ni ya kusema na kuomba radhi. Hesabu ya kulipa ingoje kesho au kesho kutwa.

Kwa anayeambiwa

Ndugu, dada, ikiwa wewe ndiye unayepewa karatasi, tunajua inauma. Si lazima ucheke. Una haki ya kukasirika, na una haki ya kusema, "Niache nitembee kidogo, nitarudi tuongee." Lakini urudi. Maswali ya kwanza yawe ni kiasi gani, ni kwa nani, ni lini. "Ulikula nini na hizo pesa?" ni swali halali, ila likitangulia linafunga mlango, na hutasikia lililobaki. Usikimbie kwa wazazi siku hiyo. Mkipatana kesho, wao hawatakuwa wamepatana.

Mkono usiinuke. Sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inahesabu kupiga, kutisha, na hata kumnyima mtu riziki ili kumtawala, kuwa dhuluma. Hapa tuseme jambo kwa uwazi. Tunayoandika kuhusu kusema wawili peke yenu ni ya nyumba ambayo ugomvi huishia kwa maneno. Ikiwa unajua kutokana na yaliyopita kwamba utapigwa, usikae naye peke yako ukamwambia. Tafuta kwanza mtu ambaye mwenzako anamheshimu, watoto wawe mahali salama, na ikiwa hali ni mbaya piga 1195, ni bure. Hatutaki mtu aumie kwa sababu alisoma somo letu. Usalama wako unatangulia.

Deni hili ni la nani?

Swali hili huulizwa sana, na kwa kawaida kwa hasira. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema deni alilokuja nalo mtu kabla ya ndoa ni lake. Deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa, wanalibeba wote wawili sawa. Kwa hiyo karo, hospitali na mbegu haziwi "deni lako" kwa sababu tu ni mama aliyekwenda kukopa. Sheria hiyo hiyo inasema, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila wote wawili kukubali. Na Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa si halali mpaka mume au mke anayeishi humo atie sahihi au ionekane kwamba amekubali.

Basi akina mama, karatasi ikiletwa jioni na ukaambiwa, "Weka sahihi hapa, ni mambo ya mbolea," isome. Kama huwezi kusoma, ilale mpaka asubuhi, umtafute wa kukusomea. Na wewe baba, kama ulikwisha kupata sahihi kwa njia hiyo, hilo nalo ni deni la siri, liandike katika karatasi yako.

Kuhusu kulipa hatutasema mengi, tulikwisha kufundisha. Lipeni kwanza lenye ada ya kila siku na lile linalogusa shamba. Nendeni wawili kwa mwenye duka na kwa chama mkaombe kulipa kidogo kidogo. Mdai akiwaona wawili huwa anaongea tofauti. Msikope upya kuziba la zamani, na msiuze mbegu.

Sehemu ya kikundi

Sasa tunawageukia ninyi wenyewe. Kuna vikundi ambavyo vimekuwa mahali pa kufichia. Mwekahazina anajua kwamba mama fulani hajasema nyumbani, mwenyekiti anajua, wote wanajua, isipokuwa mtu anayelala naye. Siku ya kushindwa, kikundi kile kile kilichomsaidia kuficha kinakuja kubeba sufuria na godoro mbele ya watoto. Hatuoni jinsi kikundi kinachofunga kwa sala kinavyoweza kufanya hivyo.

Wengine wametushauri kila mkopo uwe na sahihi ya mume au mke. Tumelifikiria hilo na hatukubaliani nalo kabisa. Wako akina mama ambao chama ndicho mkono wao wa pekee, na sahihi ya mzee ingekuwa kufuli. Angekataa, au angekubali kisha azichukue pesa njiani. Tunachopendekeza ni swali, liandikwe katika fomu: "Ni nani nyumbani kwako anayejua kuhusu mkopo huu?" Mtu anaweza kumtaja mume, mke, mama mzazi, au mtoto mkubwa. Akisema hakuna hata mmoja, asinyimwe mara moja, bali watu wawili wenye siri wakae naye wamwulize kwa nini. Kama ni hofu ya kupigwa, kikundi kimelijua jambo kubwa kuliko mkopo. Kama ni aibu tu, wamsaidie kuandika ile karatasi. Na mkopo mkubwa, ule unaozidi kile ambacho mtu anaweza kulipa kwa jasho lake mwenyewe kwa miezi 3, usitoke bila mtu wa nyumbani kujua. Kiwango kamili mtakipanga wenyewe, kwa sababu mama wa sokoni Taveta na mama wa Sagalla hawana kipato kimoja.

Maswali ya kujadili

Msitaje majina ya watu, wa hapa wala wa kijiji cha pili.

1. Mjane alifunga mlango, akawa ndani na wanawe tu, ndipo akamimina mafuta. Watoto wa nyumba yenye deni waambiwe nini, na kuanzia umri gani?

2. Akina baba wakae upande wao na akina mama upande wao kwa dakika 15. Kila upande ujibu: "Ni neno gani ambalo mwenzangu akilisema, ningeweza kumwambia deni langu? Na ni neno gani linalonifanya ninyamaze?" Halafu someaneni majibu.

3. Mwekahazina afungue daftari la mikopo mbele yake mwenyewe tu, na ahesabu mikopo ambayo mwezi huu imelipiwa riba bila mtaji kupungua. Aseme idadi yake, bila jina. Kikundi kitafanya nini kuhusu hiyo kabla ya mkutano ujao?